Gari Jekundu la Baba Mdogo

Kwaru, kwaru, kwaru. Siwema aliisikia sauti hiyo kabla hajafika kwenye lango la mabati. Ilikuwa brashi ngumu ikisugua kitu kizito. Ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza tena kama yenye hasira.

Kila Jumamosi asubuhi Siwema, mwanafunzi wa darasa la sita, alimpelekea baba yake chai na vitumbua kwenye gereji yao ya Gerezani. Alizoea kupokelewa na nyundo, redio na vicheko vya mafundi wakitaniana. Brashi haikuwa sauti ya pale.

Alisukuma lango. Baba hakuwepo, alikuwa ameenda Kariakoo kutafuta spea. Aliyekuwepo ni baba yake mdogo, Uwesu, dalali wa magari, suruali ameikunja hadi magotini. Nyuma yake lilisimama gari la spoti, jekundu kama pilipili iliyoiva, la milango miwili, lenye paa la turubai jeusi ambalo hukunjwa nyuma mtu akitaka upepo. Mazulia yake yalikuwa yameanikwa ukutani, yakichuruzika maji ya rangi ya chai.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanariadha wangu. Umekuja wakati mzuri. Shika brashi ile."

"Mbona linanuka tope?"

"Lilikaa kwenye maji siku za mvua kubwa, huko bondeni Jangwani. Maji yalifika kwenye viti. Lakini limekauka, linawaka, linatembea. Wewe ukinyeshewa unakufa?"

Siwema akacheka, akashika brashi. Alijipenyeza ndani ya gari na kukwangua tope kwenye pembe ambazo mkono mnene wa Uwesu haukufika. Mazulia yalipokauka na kurudishwa, walimwaga unga wa kahawa sakafuni ili ufyonze harufu, wakaukung'uta, kisha wakapuliza manukato. Mwishowe gari lilinukia kama chumba cha mgeni.

Hapo Uwesu akatoa mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na raba nyeupe za kukimbilia kutoka soko la mitumba la Mchikichini. Siwema alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule yake katika mbio, na mpaka siku hiyo alifanya mazoezi pekupeku.

"Zako hizo," Uwesu alisema. "Ila habari ya maji inabaki kati yetu. Unamjua baba yako, ana moyo wa kuku. Akisikia hatoligusa. Tumeelewana?"

Miguu ya Siwema ilikuwa imeshaingia ndani ya raba.

"Tumeelewana, baba mdogo."

Jumamosi iliyofuata ndipo alipojua alichokubali.

Baba yake, Fundi Adamu, alikuwa na desturi iliyojulikana Gerezani nzima. Akikagua gari akaridhika nalo, aliweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Hili dhamana yangu." Hakuongeza neno. Watu walitoka Mchafukoge na mbali zaidi kuja kuungoja mkono huo, na hakuna aliyewahi kurudi kumlaumu. Asipouweka, dalali alijua biashara imeisha.

Siku hiyo mnunuzi alikuwa Hyasinta, dada aliyekuja mjini kutoka Moshi na kujulikana kwa kupamba kumbi za harusi. Kila alipopita gerejini alimletea Siwema mabaki ya utepe wa rangi, na hakumwita kwa jina lolote ila "mdogo wangu".

"Wanaopamba ukumbi tumekuwa wengi," alimwambia Fundi Adamu. "Nataka niwe na gari la kuwabeba maharusi, paa likiwa wazi, watu wageuze shingo barabarani. Nimeuza mpaka cherehani zangu, fundi. Nikikosea hapa, sina pa kurudi."

"Bibi harusi wa kwanza uwe wewe," alidakia Isidori, fundi rangi wa gereji ya jirani. "Bwana harusi mimi nipo."

"Wewe kwanza nawa mikono," Hyasinta akamjibu, na mafundi wakaangua kicheko.

Siwema hakucheka. Alihisi kama amefungwa kamba mbili, moja inavutwa na baba, nyingine na baba mdogo. Akisema, atamwaibisha Uwesu aliyempa raba na aliyemwita mwanariadha wakati wengine walimwita mguu wa mbuzi. Akinyamaza, baba yake ataweka mkono juu ya uongo bila kujua, na dada Hyasinta ataupokea uongo huo kwa cherehani zake. Alitazama raba zake. Zilikuwa zimeanza kumbana.

Adamu aliingia chini ya gari kwa tochi. Akatoka, akawasha injini, akainamisha sikio. Uwesu naye hakutulia. Kila Hyasinta alipotaka kukaa kiti cha abiria, alikimbia kumfungulia mlango kwa heshima kubwa, na kila alipotaka kushuka alizunguka kumfungulia tena.

"Ustaarabu huo umeuanza lini?" Adamu alimuuliza mdogo wake.

"Leo," Uwesu alijibu, na watu wakacheka tena.

Siwema alijua sababu. Siku ya kusugua aliona kuwa mlango ule haufunguki kwa ndani.

"Injini iko vizuri," Adamu alisema mwishowe. "Bado paa. Siwema, njoo ufanye kazi yako."

Ilikuwa kazi yake kweli. Gari la paa la turubai likiletwa, Siwema ndiye aliyekaa ndani na kufunga vioo, baba akamwaga maji juu, naye akaangalia kama kuna tone linalopenya. Akaingia kwenye kiti cha dereva. Akafunga mlango, akapandisha vioo. Kelele za Gerezani zikazimika kama mtu amezifunika kwa blanketi. Jua lilikuwa kali, na chini ya manukato, ile harufu ya tope ikaanza kuamka.

Ndoo ya kwanza ikamwagwa. Maji yakateremka kwenye vioo, sura za watu nje zikapinda. Ndoo ya pili. Halafu kitu kikalia ndani ya milango, tak, na vitasa vyote viwili vikashuka vyenyewe. Honi ikaanza kulia bila kuguswa.

Siwema alivuta kishikio cha mlango. Kilikuja kilegevu mkononi, kama jino lililong'oka. Waya wake ulikuwa umeliwa na kutu. Akabonyeza swichi ya kioo. Kimya. Akajirusha upande wa abiria, na huko alijua hakuna njia. Nje, Uwesu alibonyeza rimoti mara nyingi, kisha akaingiza ufunguo kwenye tundu, ukakataa kuzunguka.

Moshi mwembamba ukachungulia chini ya usukani, wenye harufu ya waya unaoungua.

"Baba!" Siwema aligonga kioo kwa viganja vyote. Jasho lilimwingia machoni. Hewa ilikuwa nzito, kila pumzi ilimrudishia tope kooni.

Adamu alibandika uso kwenye kioo. Sauti yake ilifika kwa mbali, lakini ilikuwa imetulia. "Nitazame mimi. Chini ya usukani, kushoto, kuna kishikio cheusi. Kivute kwa nguvu."

Siwema akapapasa, akakipata, akakivuta. Boneti ikaruka, baba akaichomoa betri. Honi ikanyamaza. Moshi ukapungua, lakini milango haikufunguka, na pumzi zake zilikuwa fupi fupi.

Ndipo turubai lilipochanika juu ya kichwa chake. Uwesu alikuwa amepanda nyuma ya gari na kisu cha kukatia mpira, anapasua paa la gari lake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuuliza mtu. Alitia mikono yake minene, akamvuta mtoto nje, akamkumbatia kifuani.

"Nisamehe, mwanangu," alimnong'oneza.

Siwema alikunywa maji, akakalishwa kwenye benchi. Watu walipotulia, Uwesu akajifuta uso na kurudi kuwa dalali.

"Ni swichi," alisema. "Maji ya ndoo yameingia kwenye swichi leo. Jambo dogo."

"Kwa hiyo swichi ikibadilishwa na paa likashonwa, gari ni zima?" Hyasinta aliuliza. Macho yake hayakutoka kwenye ule wekundu.

Adamu alifikiri. "Kama ni maji ya leo tu, ni kazi ya siku moja. Nitaifanya mwenyewe." Akalisogelea gari, akinyanyua mkono wa kulia.

Siwema alidhani kutoka ndani ya gari ni kutoka kweli. Kumbe alikuwa bado ndani. Sasa ilikuwa vigumu zaidi, kwani Uwesu alikuwa amechana mali yake ili kumwokoa. Lakini alijua jinsi ilivyo mle ndani, kioo hakishuki na mlango haujibu. Akamwona bibi harusi, shela limemng'ang'ania shingoni, akipiga kioo.

"Baba, usiweke mkono."

Kiganja cha Adamu kikasimama hewani.

"Hayakuwa maji ya leo. Lilizama wakati wa mvua, maji yakafika kwenye viti. Mimi ndiye niliyesugua tope, tukaweka kahawa kuua harufu. Tazama nyuma ya reli ya kiti cha dereva. Brashi haikufika pale."

"Mtoto ameshtuka, hajui anachosema," Uwesu alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Adamu aliinama kupitia paa lililochanwa, akainua zulia, akaingiza vidole nyuma ya reli. Vilitoka vimejaa tope kavu na majani yaliyooza. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Siwema kuliko kelele.

"Uwesu. Ungeniacha niweke mkono juu ya hili?"

Uwesu aliketi juu ya tairi. "Nilitia kila nilichonacho kwenye gari hili, kaka. Nilipojua lilizama, nilikuwa nimeshalinunua. Nikaona aibu. Dada Hyasinta, nimekukosea. Sina cha kujitetea."

"Ungenipa jeneza lenye tairi," Hyasinta alisema. "Na mteja wangu ndani."

"Litafunguliwa kipande kipande," Adamu akaamua. "Kilicho kizima kiuzwe, na kila mnunuzi aambiwe kimetoka kwenye gari lililozama. Hasara ni yako."

"Ni yangu," Uwesu alikubali.

Siwema alifungua kamba za raba, akaziweka miguuni pa baba yake mdogo. Machozi yalikuwa yanamtoka, ila kifua chake kilikuwa kimepata nafasi.

Adamu alichuchumaa mbele yake. "Ulikosea uliponyamaza, na kwa hilo utaosha spana zangu kila Jumamosi hadi muhula uishe. Mtu akikupa kitu ili ufunge mdomo, hajakupa zawadi, amekufungia mlango. Ukikuta umefungiwa hivyo, njoo kwangu mapema, hata kama unaogopa. Leo umesema ilipokuwa ngumu kuliko siku zote, na umemwokoa dada yako huyu. Umeniokoa na mimi."

Kisha akamgeukia Hyasinta. "Jumatatu nitazunguka nawe mpaka tupate gari zima. Hunilipi kitu."

Hyasinta alivuta pumzi ndefu. Alimtazama mtoto aliyesimama pekupeku kwenye mchanga wenye oili.

"Na wewe, mdogo wangu? Gari hilo jingine likija kukaguliwa hapa, nikuamini?"

Siwema alifuta uso kwa kiganja, akainua kichwa ili kila mtu pale gerejini amsikie.

"Dada Hyasinta, nakuahidi mbele ya baba na baba mdogo. Gari lolote litakalokuja hapa, nikijua ubaya wake nitakwambia kabla hujauliza, hata likiwa la baba yangu mwenyewe."