Rangi Iliyobanduka Penye Kidole Gumba

Kila asubuhi Brashi alifuta meza ya jikoni, akatandika gazeti na kuanza kazi. Watu walimwita Brashi kwa sababu ya kazi yake. Alichora pedi za gemu, vile vidude vya plastiki ambavyo mtu hushika kwa mikono miwili anapocheza gemu kwenye televisheni. Alichora chui, moto na mabawa. Wifi yake, dada wa mumewe, alizipaka vanishi juu, akazifuta na kuzifunga.

Siku moja mwenye ukumbi wa gemu aliingia na mfuko. Akamwaga pedi sita mezani.

"Wiki tatu tu," alisema. "Chui wako amebaki mkia."

Kweli. Rangi ilibanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

"Nina mashindano mwezi ujao. Nataka pedi ishirini. Zikitoka hivi tena, kazi nampa mwingine."

Akaondoka bila kuaga. Brashi akamgeukia wifi yake.

"Hizi ulizifuta na nini?"

"Kitambaa kikavu, kama siku zote."

"Mbona kucha zako zina rangi nyekundu?"

"Nashinda na rangi, wifi. Ulitaka ziwe na unga?"

"Tangu uje hapa kazi yangu inaharibika!"

Wifi aliinuka. Aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake.

Brashi alichukua kopo la vanishi na zile pedi, akaenda kwa muuza rangi. Huyu ndiye yule yule aliyewahi kuuzia mtaa mzima rangi ya ukuta, ikaoshwa na mvua ya kwanza. Wengi wamesahau. Wapo ambao hawajasahau.

"Vanishi ni vanishi, dada," alisema akichokonoa meno. "Maelezo si yapo kwenye kopo?"

Yalikuwepo. Herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwa lugha ambayo Brashi hakuijua. Muuza rangi mwenyewe hakuijua.

"Labda nyumbani kwako kuna mtu hakutakii mema," aliongeza kwa sauti ya chini.

Maneno hayo yalimwingia. Akarudi amekunja uso. Njiani akapita gereji ya jirani yake, Fundi Puliza, anayepaka rangi magari.

"Jirani, mbona unatembea kama unakwenda kukamata mwizi?"

"Mwizi ninaye nyumbani. Nieleze, mtu akitaka kubandua rangi anatumia nini? Spiriti? Kucha?"

Fundi Puliza alizipanga zile pedi sita kwenye boneti. Akazitazama moja moja.

"Zote zimebanduka wapi?"

Brashi akaangalia. "Hapa, kidole gumba kinapokaa. Na hapa, penye kiganja."

"Na katikati?"

"Katikati nzima."

"Sasa huyo adui yako alikwenda ukumbini, akawashika wachezaji mikono yote?" Fundi alicheka. "Hili ni jasho, jirani. Jasho, mafuta ya mikono na msuguano. Na hii vanishi ni ya mbao. Haikai kwenye plastiki inayoshikwa hivi."

Brashi hakucheka. "Na wewe unataka kuniuzia nini?"

"Sikuuzii kitu. Usiniamini. Tujaribu."

Alichukua vipande viwili vya pedi mbovu. Kimoja walikipaka ile vanishi. Kingine alikipulizia klia ya magari, ile rangi angavu ya juu inayochanganywa na hadina ili igande. Wakaviacha wiki nzima. Kisha Brashi mwenyewe alivisugua kwa pamba yenye spiriti. Cha vanishi kilinata, rangi ikatoka na pamba. Cha klia kiling'aa vile vile.

Jioni hiyo alikwenda chumbani kwa wifi yake. Begi bado lilikuwa mlangoni, kama lilivyokaa wiki nzima.

"Nimekusingizia," alisema. "Wewe hukuharibu kitu, ni ile vanishi. Naomba usiondoke."

"Na kesho ikibanduka tena?"

"Basi njoo kwa Fundi Puliza ujifunze mwenyewe, usisubiri neno langu."

Walikwenda gereji wote wawili. Fundi aliwaonyesha hatua kwa hatua. Fungua pedi, toa vifaa vya ndani na vitufe. Osha ganda kwa sabuni, likauke. Likwaruze kidogo kwa msasa laini ili rangi ishike. Weka praima ya plastiki, ile rangi ya chini ya kushikilia, kisha rangi, tabaka jembamba jembamba. Rangi ikikauka kabisa, puliza klia, nayo kidogo kidogo.

"Na hii yenye hadina si ya jikoni," alionya. "Mvuke wake unaharibu mapafu. Ni hapa kwenye hewa, umevaa glavu na barakoa ya chujio la kemikali. Kitambaa hakisaidii kitu. Watoto wakae mbali. Ukimaliza, usifunge wala usishike kwa wiki moja."

Wifi alikuwa na mkono mtulivu kuliko Brashi. Pedi zote ishirini alizipulizia yeye.

Mashindano yalichukua siku tatu. Mikono ililowa, watu walipiga kelele, pedi mbili ziliangushwa sakafuni. Jioni ya mwisho mwenye ukumbi alizikusanya. Akakwaruza moja kwa ukucha. Akakwaruza nyingine. Akazisogeza kwenye taa kwa jicho la mashaka.

"Hakuna hata moja iliyobanduka," alinong'ona. "Mmeweka nini humu?"

Brashi alimshika wifi yake bega, akamsogeza mbele.

"Muulize huyu. Mimi nachora tu. Fundi wa klia ni yeye."