Kalkuleta ya Kijakazi

Marcelina, rafiki yangu wa Bunda, hakuwahi kumwona Kijakazi. Alijua tu kwamba msichana huyo alisoma na Gody, mumewe Marcelina, akafariki wakiwa kidato cha nne, na kwamba hadi leo Gody analala kitandani na kalkuleta ya msichana huyo.

Ilipozimika, Gody akamwomba mkewe aipeleke Musoma, kwa fundi Khalidi wa Nyasho. Njia nzima wivu ulimchoma Marcelina.

"Ifungue, fundi," alisema alipofika, "halafu useme haiponi."

"Hata sijaitazama, mama."

"Wewe sema tu haiponi."

Khalidi akalegeza skrubu. Akatoa betri, akatenga kioo cha namba na bodi ya kijani, kisha akalaza mezani ile raba laini yenye vitufe, ambayo kwa chini ina vidoti vyeusi vya kugusa bodi. Mara mvua ikashuka kutoka ziwani, umeme ukakatika, chumba kikawa giza saa nane mchana. Fundi akaenda nyuma kutafuta taa.

Marcelina akasikia: tup. Kimya. Tup.

Akawasha simu. Juu ya mbao ya meza, ile raba ikiwa peke yake, vitufe vilikuwa vinazama kimoja kimoja, polepole, kama vinavyobonyezwa na mtu anayefikiri kabla ya kila namba.

"Niachie mume wangu," alisema, akavifunika kwa kiganja.

Vikatulia. Kisha, kutoka chini ya raba, upande wa mbao, kidole chembamba kikaanza kumbonyeza kiganjani, nacho kilikuwa na joto.