Nilijilinda kwa Rufaa, Wifi Yangu Akafa

Nina miaka arobaini na mmoja, ni nesi wa zahanati katika kijiji kimoja huku Lindi, njia ya kwenda Kilwa. Jina langu sitalitaja. Ndugu wasomaji, jambo hili nimeshindwa kumweleza hata mume wangu... Nikifungua mdomo, aibu inanikaba.

Sikuwa hivi! Zamani nilizalisha wanawake wa kijiji hiki kwa mikono yangu, na watoto wao wakikutana nami njiani, "Shikamoo nesi!" Naitikia marahaba, kifua mbele.

Kilichonibadilisha ni yaliyompata mwenzangu wa kazi. Nikiwa likizo, alimzalisha mama mmoja, mtoto akatoka amekufa. Ndugu wakajaa zahanati, matusi, makofi, wakamchania gauni la kazi. Akapelekwa polisi, akasimamishwa kazi. Uchunguzi ulichukua muda mrefu, mwisho ukaonyesha mtoto alishafia tumboni kabla mama hajafika. Nani alimwomba radhi? Hakuna! Alifungasha virago akarudi kwao Newala, na unesi hataki hata kuusikia.

Nikajiapiza: mimi hawanipati ng'o!

Tangu hapo nikawa mtu wa kuandika rufaa, kupeleka watu hospitali kubwa. Mjamzito kichwa kinamuuma, rufaa. Mgongo, rufaa. Wengi ningeweza kuwahudumia mwenyewe, nilijua wazi. Lakini nilijiambia, kama ni kufa, wafie mikononi mwa wengine... Astaghfirullah! Ndivyo nilivyowaza, siwafichi.

Na kila rufaa ilikuwa na gharama. Gari la kukodi mpaka Lindi mjini, vipimo, chakula cha wauguzaji. Watu waliuza ufuta ungali shambani, kwa bei ya kutupa. Mimi nalala usingizi wangu, lawama hainihusu.

Zuhura alikuwa mke wa mdogo wangu, Saidi. Wifi gani yule! Mcheshi, mdomo haufungi. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba nilimpima: presha sawa, mtoto anacheza vizuri, ila miguu imevimba kidogo. Nikaandika rufaa. Saidi akauza mbuzi wake, wakaenda. Daktari akasema hana tatizo lolote, nani kawasumbua hivi? Zuhura akajifungua salama baadaye, na tangu siku hiyo akawa ananitania: "Wifi, ukinishika tumbo tu, mbuzi wanaanza kulia!" Wanawake wakicheka, nami nacheka... Kumbe mwenzangu alikuwa ananiogopa kweli!

Mimba ya pili alikuja kliniki mara moja tu, kisha akatoweka. Nilipomuuliza Saidi, alisema yuko salama, anapumzika kwa mama yake. Je, nilimfuata? Sikumfuata. Nilishukuru kimoyomoyo kwamba mzigo umenipungukia.

Siku yenyewe nilikuwa nachanja watoto asubuhi, Saidi akaingia mbio, miguu mitupu, suruali ina damu.

"Dada, njoo! Zuhura kajifungua, damu haikatiki!"

Alizalia kwa mama yake, nyuma ya msikiti tu. Ukiita kwa sauti, zahanati tunasikia! Uchungu ulimwanza alfajiri, mama yake akataka kuniita, Zuhura akakataa katakata. Alisema akiitwa wifi itakuwa gari la Lindi, na mume wake hana cha kuuza tena.

Nilichukua dripu na sindano ya kuzuia damu, ambayo siku zote ilikuwepo kwenye friji letu, nikakimbia. Nilimkuta mkekani, kanga zimelowa, midomo imepauka. Akafumbua macho, akanishika mkono.

"Wifi," akasema, "usiniandikie gari."

Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, nikamwekea dripu, nikamwita huku nalia! Safari hii rufaa ilihitajika kweli, nikaagiza gari. Gari lilipofika mlangoni, Zuhura alikuwa ameshakata roho. Inna lillahi... Aliacha mtoto wa kike, mzima, analia njaa.

Wakubwa walikuja kutoka wilayani kuchunguza. Wakaona mama hakufika zahanati, kwa hiyo mhudumu hana lawama. Msibani watu walinipa pole, wengine wakasema laiti angemsikiliza wifi yake! Na Saidi, macho yamemvimba, akaja kukaa karibu yangu.

"Usilie, dada. Wewe huna kosa, hata hukuwepo alipojifungua."

Mungu wangu! Heri angenizaba kibao mbele ya watu wote...

Wauguzi wenzangu, nawasihi, rufaa ni ya mgonjwa, si ya kujifichia. Unayeweza kumsaidia msaidie hapo hapo, na ambaye hali yake ni mbaya kweli mwahishe. Nanyi ndugu wa wagonjwa, mkifiwa ulizeni, shtakini panapostahili. Lakini msituvamie kwa ngumi kabla ya kuujua ukweli, maana nesi mwenye hofu hamfai mtu, na gharama ya hofu yake mtailipa ninyi.

Saidi bado ananiamini. Ananiletea yule mtoto nimbebe, naye ananichekea kama mama yake. Wilayani waliandika sina kosa, na mdogo wangu aliamini hivyo hivyo. Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba ninalo.