Safari Iliyoishia Saluni

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikuwa wa kwanza kufika kwenye ghala walimofanyia mazoezi ya sarakasi. Alivua viatu, akakung'uta vumbi kwenye magodoro, kisha akawangoja wenzake huku akiongea peke yake. Jina hilo hakupewa bure. Mdomo wake haukujua likizo. Walipojenga mnara wa watu, yeye ndiye aliyepanda juu kabisa, akisimama mabegani mwa rafiki yake Mpole, msichana kama yeye. Chini kabisa alisimama kijana mnene waliyemwita Nguzo.

Kocha wao alikuwa fundi seremala. Jioni moja aliwaketisha wote, uso ameukunja.

"Mashindano ni Jumamosi, na tutalala huko," alisema. "Lakini muuguzi anayetusindikiza siku zote amepangiwa zamu hospitalini. Hatakuja."

"Si wewe upo, Kocha?" Nguzo aliuliza.

"Mimi ni mmoja, tena mwanamume. Sheria mnaijua. Wavulana na wasichana wakisafiri pamoja, lazima wawe na mtu mzima wa kiume na wa kike, na wote wawili wajulikane na wazazi. Asipopatikana mama wa kwenda nasi, hatuendi."

Mwaka mzima walikuwa wakianguka na kuinuka kwa ajili ya siku hiyo. Chiriku alitoka mbio hadi saluni ya shangazi yake, kando ya barabara kuu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ukija unahema hivyo, najua kuna ombi."

Chiriku akaeleza yote. Shangazi alisikiliza bila kuacha kusuka, kisha akatikisa kichwa. "Jumamosi ninamsuka bibi harusi na dada zake. Nimeshawaahidi. Nisamehe, mwanangu, siwezi."

Usiku huo Chiriku alipiga hesabu zake. Basi zima la watoto likisimama mlangoni, shangazi ataona haya kukataa. Kesho yake akamwambia Kocha, macho makavu, "Shangazi amekubali. Tumpitie saluni asubuhi."

"Alhamdulillahi! Ngoja nimpigie simu nimshukuru."

"Simu yake imeharibika, Kocha."

Kocha alikuwa akimfahamu shangazi huyo miaka mingi, akaamini. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshazaa mwingine.

Jumamosi basi lilijaa nyimbo. Mpole peke yake ndiye aliyekaa kimya dirishani, ameukumbatia mkoba wake.

"Unaumwa?" Chiriku alimuuliza.

"Hapana," alijibu bila kugeuka, na Chiriku akaendelea kuimba.

Kocha aliingia saluni, Chiriku nyuma yake. Shangazi alikuwa amekishika kichwa cha bibi harusi, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima.

"Kwema, dada? Tumekuja kukuchukua."

"Kunichukua kwenda wapi?"

Kocha alimgeukia Chiriku. Chiriku aliangalia nywele zilizotapakaa sakafuni. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Shangazi akasema kwa huzuni, "Kama ningeweza, ningekwenda. Lakini siwezi kumwacha mtu na nusu kichwa siku ya harusi yake."

Kocha alitoka nje akapiga simu. Mama mmoja alikuwa kazini, mwingine alikuwa na mtoto mgonjwa, wengine hawakupokea. Dereva akawa anaangalia saa.

"Twende tu, Kocha," Nguzo alimsihi. "Nani atajua?"

"Na kukitokea neno usiku, msichana atamwamsha nani? Dereva?"

"Basi wasichana wabaki."

"Mnara bila watu wa juu! Mtakwenda kuwaonyesha mabega?" Kocha alijaribu kucheka, akashindwa. "Tunarudi nyumbani."

Hapo Mpole aliteremka, mkoba ameushika nyuma ya sketi. Aliingia saluni, akamnong'oneza shangazi jambo. Shangazi alimwomba bibi harusi radhi, akamshika Mpole mkono wakaingia chumba cha nyuma. Walikawia. Shangazi alipotoka, alimvuta Chiriku pembeni.

"Mwenzako ameniruhusu nikwambie. Amepata hedhi yake ya kwanza, humo humo ndani ya basi. Hakuwa na cha kujistiri, wala hakujua kama anaumwa au anakufa. Hakusema, kwa kuwa mle hamkuwa na mwanamke wa kumwambia. Ingekuwa huko mlikokuwa mnakwenda, je?"

Chiriku alikumbuka kwamba mchana huo angepanda mabegani mwa Mpole mbele ya watu wote. Alilia kwa aibu. Kisha akajifuta, akapanda ngazi ya basi, akasimama mbele ya wenzake.

"Shangazi hakukubali tangu mwanzo," alisema. "Na simu yake ni nzima. Nimewadanganya wote."

Hakuna aliyemwambia pole. Nguzo, ambaye mwaka huo alikuwa anamaliza shule na kuhama, alisema polepole, "Mwaka mzima nimewabeba," akageukia dirisha. Safari yote ya kurudi hapakusikika wimbo. Mashindano yalifanyika bila wao, na kwa Nguzo yalikuwa ya mwisho.

Wiki iliyofuata akina mama walikutana ghalani pamoja na Kocha. Walikubaliana kusindikiza kwa zamu, na kila zamu iwe na mama wa akiba. Shangazi alichukua zamu ya kwanza. Kocha naye aliahidi kuzungumza na kila msindikizaji mwenyewe, ana kwa ana.

Nguzo hakufika. Chiriku alikaa kwenye godoro, akisema tena na tena kwamba hakukusudia kumdhuru mtu.

"Najua," shangazi alimwambia, akiketi karibu naye. "Ulidhani sheria ile ni kufuli la kuwazuia. Iliwekwa ili mtoto yeyote, akipatwa na jambo mbali na kwao, awe na mtu wa kumwendea. Ulipodanganya, mwanangu, hukumdanganya Kocha tu. Ulimnyang'anya Mpole mtu huyo, na ukamwacha peke yake katikati ya wimbo wenu."