Kastabini Namba Saba

Mpimakazi haikuwa na macho wala masikio. Ilikuwa akili bandia iliyofichwa ukutani, na yote iliyoyajua iliyapata kwenye kastabini, vile vikofia vya chuma vinavyokinga kidole cha mshonaji. Kila mshonaji alikuwa na yake yenye namba. Sindano ikigusa chuma, Mpimakazi ilihesabu mshono, ikapima mvuto wa uzi, ikaandika. Hivyo ndivyo matanga-jua yalivyoshonwa Mwanza: mapazia mepesi kuliko ganda la kitunguu, yanayosukumwa na mwanga na kuvuta vyombo hadi sayari za mbali.

Jambo moja tu haikulijua: kidole kilichomo ndani ni cha nani.

Washonaji walilijua hilo, wakalitumia kwa wema. Mwenzao akifiwa, waligawana saa, wakavaa kastabini yake na kumshonea mpaka arudi. Desturi hiyo waliiita rambirambi ya kidole. Hakuna aliyeona kuwa ni udanganyifu. Tangu lini msiba ukawa wa mtu mmoja?

Leticia alipofiwa na mumewe, walimshonea juma zima. Akarudi mikono ikimtetemeka, sindano haishikiki. Nyamizi, jirani yake wa meza, akaendelea kumshonea peke yake. Asubuhi alivaa kastabini yake, namba saba. Alasiri hadi usiku alivaa ya Leticia. Miezi mitano.

Kisha kampuni ikaleta mikono ya roboti, ikatangaza kupunguza wafanyakazi. Sheria iliruhusu, mradi wanaoondolewa wachaguliwe kwa kigezo cha haki. Kigezo kikawa hesabu ya Mpimakazi. Leticia alishika nafasi ya tatu. Nyamizi, mwenye miaka kumi na tisa kazini, akawa wa mwisho.

Akalalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na ufundi wake haukuwa na karakana nyingine. Shauri likasikilizwa Jumanne asubuhi mbele ya mwamuzi, Bwana Kisendi. Kampuni ilimleta Leticia awe shahidi kwamba hesabu ilikuwa sahihi kwa wote.

"Mama Nyamizi," alisema Bwana Kisendi, "rekodi yako ilikuwa safi miaka yote. Tangu Machi imeshuka nusu. Kama ipo sababu, iseme, nami nitaamuru urudishwe. Alasiri zote hizo ulikuwa wapi?"

"Mezani, mheshimiwa."

"Ukifanya nini?"

Wakili wa kampuni aliinua kichwa. "Labda alikuwa akimshonea mtu? Maana anayepokea mshahara wa mishono asiyoishona ni mwizi. Huyo tunamfukuza leo hii."

Nyamizi alimtazama Leticia. Njiani alikuwa amejiambia: akisema mwenyewe, nami nitasema. Akamsubiri. Leticia, mjane mwenye watoto watatu, alitazama sakafu, na midomo yake ikacheza bila sauti.

"Nilikuwa mvivu," Nyamizi akasema.

"Mvivu? Baada ya miaka kumi na tisa?"

"Mwili huchoka, mheshimiwa."

Bwana Kisendi akaandika kwamba kigezo kilikuwa halali na Nyamizi hakuonewa. Kwa sheria mwamuzi hakukosea. Inauma hivyo hivyo.

Nje, Leticia alimshika mkono. "Dada, nisamehe. Nilitaka kusema. Niliwaona wanangu tu."

"Najua, mdogo wangu. Nenda kazini, mchana umefika." Akavua kastabini namba saba, akampa airudishe. Kidole chake kilikuwa na alama nyeupe pale ilipokaa miaka yote. Akaondoka bila kugeuka.

Karakanani, Leticia hakuirudisha. Aliketi, akavua yake, akaivaa ya Nyamizi. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Akachoma mshono wa kwanza, ukaenda upande. Akaufumua, akaanza upya.

"Kastabini namba saba haina mfanyakazi," Mpimakazi ilitangaza. "Mishono hii haihesabiwi."

Wenzake waliacha kushona, wakamtazama. Leticia alikuwa akilia.

"Usihesabu," akasema. "Nimefiwa tena."

Mshonaji wa meza ya mbele akainuka, akasogea, akangoja zamu yake ya kuivaa.