Feni ya Barthélemy

Haya yalimpata Barthélemy, rafiki yangu wa mtaa wa Panda, fundi wa mdomo tu. Alilifungia gari lake feni ya umeme ya kupoza mota, iliyong'olewa kwenye gari lililopondeka njia ya Kakontwe, na batri ikaacha kujaa. Nilimwambia apime alternateri, ile inayoijaza batri.

"Weye utanifundisha miye?"

Akachomoa waya wa batri mota ya gari ikiunguruma, kama wapimavyo wajuaji wote wasio na mashine. Mota ikazimika. Feni ikaendelea kuzunguka.

Akakata nyaya zake, akaing'oa, akaitupa mwisho kabisa wa konteneri lake la vyuma, akafunga mlango.

Vuu, vuu, humo gizani.

"Ni nani iko mule?" akauliza Barthélemy.

Ikanyamaza. Barthélemy naye akanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Ndipo ikaanza tena, taratibu, hapo hapo nyuma ya mlango.