Kaske Iliyomkaa Koko Vizuri Mno

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwao Mudzipela katika mji wa Bunia, Wivine alimvalisha mama yake kama askari anayekwenda vitani. Mama Solange alikuwa muuguzi wa chanjo. Alipeleka chanjo kwa pikipiki katika zahanati za nje ya mji, mwaka mzima, iwe jua, iwe mvua. Alisimama uani, na Wivine, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akampa kitu kimoja kimoja: buti ndefu, vikinga vya magoti, jaketi nene, glavu, na mwisho kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki. Wakati wa vumbi waliongeza miwani na kitambaa cha mdomo. Wakati wa mvua waliongeza koti la njano linaloonekana kutoka mbali. Kisha mama alifungua kufuli, akauvuta mnyororo mzito uliofunga gurudumu kwenye nguzo, akaubeba ili aufunge tena huko aendako.

Majirani walizoea kumtania. Wengi wa waendesha pikipiki wa mtaa ule walivaa koti kinyumenyume ili upepo usiwaingie kifuani, na kaske zao zilining'inia kwenye usukani kama vikapu vya sokoni.

"Mama Solange, leo unaenda mwezini?" aliuliza Grégoire, jirani yao.

"Niko naenda, na niko narudi," mama alijibu, akawasha pikipiki.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Mama Solange alimpeleka Wivine sokoni kumnunulia kaske yake mwenyewe, kwa kuwa sasa alimpitisha shuleni kila asubuhi. Wivine aliipenda moja papo hapo: ya zambarau, nyepesi, yenye nyota za fedha. Muuzaji, kijana aitwaye Willy, aliisifu mpaka sauti ikamkauka. Mama Solange aliingiza kidole gumba ndani, akabonyeza. Kidole kilikutana na kitambaa, kisha plastiki tupu.

"Hii ni bakuli," alisema. "Ya kulia ugali iko muzuri. Ya kichwa ya mutoto yangu, hapana."

Akachagua nyingine, nyeusi, nzito, isiyo na ua wala nyota. Alimvisha Wivine, akafunga mkanda chini ya kidevu. "Tikisa kichwa."

Wivine alitikisa. Kaske haikucheza hata kidogo. Mashavu yake yalisukumwa mbele kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni.

"Mama, inaniminya!"

"Njo vile inapashwa. Kaske yenye kucheza kwa kichwa, siku ya kuanguka itakukimbia."

Mambo yangekuwa mema kama si nywele. Siku moja kabla ya Pasaka, binamu yake Ornella alimsuka Wivine misuko mirefu, akaifunga fundo kubwa kisogoni. Alipendeza, hakuna wa kukataa. Lakini kaske ilikataa. Ilifika kwenye fundo, ikagoma. Wivine hakutaka kufumua nywele, na hakutaka kwenda shuleni kwa miguu. Basi mchana ule, mama akiwa kazini, alibandua kitambaa cha ndani ya kaske. Chini yake alikuta sponji ngumu nyeupe, ile ile inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni, ambayo watu wa Bunia huiita frigoliti.

"Yote hii ni ya nini?" alijiuliza.

Alichukua kijiko, akachimba shimo la kutosha fundo lake, akarudisha kitambaa mahali pake. Kwa nje hakuna kilichoonekana. Vipande vyeupe alivitupa uani. Kuku walivikimbilia wakidhani ni mchele, wakavionja, wakavitema. Siku ile kuku walikuwa na akili kumshinda yeye.

Sasa, katika nyumba ile aliishi pia Koko Gertrude, bibi yake Wivine, mzaa mama. Mjukuu wake mkubwa, Claire, alikuwa amejifungua mapacha huko Iga Barrière, nje ya mji, na kwa miezi minne Koko hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka kuwabeba wale watoto kabla hawajajua kutambaa. Mama Solange alikwenda huko kila Jumamosi na chanjo zake, lakini alikuwa na sharti moja: asiye na kaske hapandi. Na Koko hakukubali kamwe kuvaa kaske juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Niko mujane," alisema kila mara. "Hii kitambaa njo heshima yangu. Sivae sufuria juu yake."

Jumamosi moja baada ya Pasaka, Koko aliikuta kaske ya Wivine mezani. Hakuna ajuaye shetani gani wa utani alimwingia, ila aliichukua, akaijaribu. Ikapita juu ya kitambaa, ikapita fundo la kisogoni, ikatulia.

"Solange! Kuja uone! Hii haiko inaniminya hata kidogo!"

Mama Solange alitoka mbio, akapiga makofi, akacheka mpaka machozi. Barafu ya chanjo ilikuwa ikiyeyuka, haikumpa nafasi ya kuchunguza. Alimvisha Koko jaketi, akamfunga mkanda wa kaske, akampandisha nyuma. Grégoire alipiga mluzi kutoka upande wa pili wa ua. Nyumba nzima ilifurahi.

Ni Wivine peke yake ambaye hakucheka. Alijua kwa nini kaske ile imemkaa Koko vizuri mno. Alijua pia kwamba akisema, Koko hatakwenda, na huenda asikubali tena kuvaa kaske maishani.

"Koko, leo mvua itanyesha," alijaribu. "Mungojee juma ingine."

"Mvua? Mapasa yangu wako wananingojea!" Koko alimpungia mkono kama malkia.

Mama Solange alipiga kiki. Pikipiki ikanguruma. Wivine alipiga hatua mbili, akasimama mbele ya gurudumu na kushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mama, zima. Nakuomba, zima!"

Injini ilinyamaza.

"Weye mutoto, juu ya nini unanizuia?" mama aliuliza.

"Ile kaske... niliichimba. Na kijiko. Juu ya nywele yangu. Pardon, Mama."

Mama Solange aliivua kaske kichwani mwa Koko. Alibonyeza kwa kidole gumba sehemu ya kisogo. Kitambaa kikazama, kidole kikagusa ganda. Wivine alingoja kofi, au walau kelele. Havikuja. Mama aliingia ndani, na waliposikia kabati likisogezwa, Koko na Wivine walitazamana.

Alirudi na mfuko wa unga uliofungwa kamba. Ndani yake mlikuwa na kaske ya zamani, imekwaruzwa ubavu mzima, na mpasuko umepita nyuma kama mto kwenye ramani.

"Hii ilikuwa yangu," alisema. "Wivine, weye ulikuwa na miaka ine. Mvua ilikuwa imenyesha, na mbao za daraja zilikuwa zinateleza. Nilianguka na mugongo. Kulikuwa jiwe." Alibandua kitambaa cha ndani. "Leta kidole yako."

Wivine aliweka kidole gumba kwenye frigoliti. Pale nyuma ilikuwa imebonyea, imesagika, na kidole chake kikaingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

"Jiwe liliishia hapa," mama alisema.

Wivine alitazama kile kibonyeo, kisha akatazama kichwa cha mama yake kilichosimama pale juani, chenye macho mawili na sauti. Alishikwa na mshangao mkubwa hata akasahau kulia. Kitu kilichotemwa na kuku kilikuwa kimekaa katikati ya mama yake na jiwe. Kilikubali kusagika ili kichwa kisisagike. Na mahali pale pale, yeye alikuwa amechimba kwa kijiko.

"Frigoliti inafanya kazi mara moja tu," mama aliendelea. "Nilinunua kaske ingine ile juma. Hii nikaficha, juu ya kusudi musiogope njia."

Koko Gertrude naye hakuwahi kuambiwa. Alishuka polepole, akaichukua ile kaske ya zamani, akaingiza kidole chake chembamba kwenye kibonyeo. Kisha akafanya jambo ambalo Wivine hakuwahi kuliona: alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakitia mfukoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa.

"Solange, weye enda na chanjo yako," alisema. "Mimi nitaenda juma ingine, na kaske yenye kuminya."

Juma lile lilikuwa refu. Wivine alikwenda shuleni kwa miguu, na akaambiwa atatembea hivyo mpaka mwisho wa muhula. Hakulalamika. Alifumua fundo, akasuka misuko midogo iliyolala kichwani. Alimsindikiza Koko sokoni, na mbele ya Willy yeye ndiye aliyebonyeza kila kaske kwa kidole gumba, akasema, "Koko, tikisa kichwa," mpaka wakapata ile iliyoyasukuma mashavu ya bibi mbele. Ile iliyochimbwa mama aliipasua kwa msumeno, akaenda nayo kituo cha pikipiki kuwaonyesha vijana. Grégoire aliitazama bila mzaha, na kesho yake kaske yake ilionekana kichwani.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, pikipiki iliingia uani. Koko alivua kaske, na paji lake la uso lilikuwa na mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio.

"Imeniminya toka hapa mpaka Iga, na toka Iga mpaka hapa!" alisema huku akicheka. "Na mikono yangu imebeba mapasa, bote mbili. Mumoja aligusa hii alama, akacheka."

Wivine alifunga mnyororo kwenye gurudumu, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Koko alikaa kwenye kiti, akamwita.

"Mujukuu yangu, kitu ya kulinda mutu, usiichague juu inakufurahisha. Chagua ile itakayokurudisha nyumbani. Na siku ukiiharibu, sema. Sema hata kama pikipiki imeshawaka, kama vile ulisema."

Akatoa kitambaa mfukoni, akainamisha kichwa ili mjukuu wake amfunge. Wivine alipitisha mkono kisogoni mwa bibi yake, penye nywele nyeupe. Palikuwa na joto, na palikuwa pazima. Akafunga fundo taratibu.